Ndege Iliyokalia Mkia

Rafiki yangu Gwilym, tunayeimba naye kanisani hapa Bangor, alinisimulia haya, nami nimechoka kuyatilia shaka.

Kaka yake Emrys, Mungu amrehemu, aliacha ndege ndogo ya plastiki, mfano wa eropleni wa kuunga vipande kwa gundi, haijaungwa. Gwilym alitaka kuiweka kwenye ibada ya kumbukumbu Jumapili. Alipokwisha kuigundisha, ikakalia mkia, pua juu. Alikuwa amesahau kutia puani gololi za chuma za kuipa uzito wa mbele, na sasa hapafunguki. Emrys alizoea kumtania, "Umesahau tena, mdogo wangu? Kichwa chako ndicho kinachotaka uzito."

"Nisamehe, kaka," Gwilym alisema kwa uchovu.

Umeme ukakatika. Gizani akasikia vitu vikibingirika ndani ya ndege, kimoja kimoja.

Taa ziliporudi, ndege ilikuwa imesimama sawasawa, gundi haijaachia popote. Kopo la gololi, lililokuwa limejaa pale mezani, lilikuwa tupu.