Picha ya Bibi Anastasia

Kila Jumamosi Sabina aliamka kabla ya jua akapanga foleni bombani na madumu mawili, kwa kuwa maji ya Newala hayamsubiri mtu. Akirudi alifagia uwanja, akapika uji, kisha akamwekea bibi yake kigoda nje. Wakati huo Bibi Anastasia alikuwa bado chumbani, anakagua maboksi aliyoyapanga juu ya matofali, mchwa wasije wakavisoma vitabu kabla ya watu.

Vitabu hivyo aliviandika yeye mwenyewe. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya watu wazima, na tangu hapo aliandika kwenye daftari kila kitendawili alichokisikia: shambani, msibani, hata kwenye foleni ya maji. Msimu mmoja korosho zilipokubali, alilipeleka daftari Mtwara likachapwa kuwa kitabu, akakiita Vitendawili vya Msimu wa Korosho. Majirani walinunua, watu wa kanisani walinunua, kisha maboksi yakakaa.

Ilikuwa mwaka 2010. Ashraf, kijana mwenye duka la intaneti karibu na soko, ndiye aliyesema kitabu hicho kinahitaji tovuti. Sabina alikuwa darasa la saba na Ashraf alikwisha kumfundisha kompyuta kidogo, kwa hiyo akaahidi kumwelekeza. Bibi aliuliza tovuti ni mdudu gani. Sabina akamweleza kuwa ni ukurasa ambao mtu wa Masasi au wa Mwanza anaweza kuufungua akiwa kwake. Bibi akafikiri, akachukua karatasi na kuandika mambo ya kuwekwa: jina lake, kitabu kinahusu nini, kinapatikana wapi, namba ya simu, na vitendawili vitatu bila majibu. Majibu, alisema, wakayatafute kitabuni. Halafu akatoa picha yake aliyopigwa studio.

Hapo ndipo penye shida. Bibi ana chale mashavuni, zile nembo za Wamakonde wa zamani, na juu ya mdomo ana tundu lililokuwa na ndonya, kile kipande cha mti cha urembo. Darasani kwa kina Sabina kuna msichana aitwaye Mabel, ambaye siku moja alimwambia mbele ya wenzake, "Bibi yako walikosa daftari, wakamwandika usoni." Wote walicheka. Sabina naye alicheka, asionekane ameumia.

Basi, Ashraf alipokuwa akihudumia wateja, Sabina aliificha picha ya Bibi ndani ya daftari la hisabati. Akatafuta kwenye intaneti mpaka akapata picha ya mama mmoja wa makamo, amevaa miwani, amekaa nyuma ya meza kubwa. Akaiweka hiyo. Chini yake akaandika: "Anastasia, mwandishi mashuhuri mwenye shahada mbili." Akaongeza maua mekundu yanayometameta, na muziki juu yake. Machoni pake ukurasa ulipendeza sana.

Wiki tatu baadaye simu ya Bibi iliita. Aliyepiga alikuwa Mwalimu Ethel, mtunza maktaba wa shule moja ya msingi huko Masasi. Alitaka vitabu hamsini kwa wanafunzi wake, tena alitaka mwandishi aende kuwategea watoto vitendawili. Wakakubaliana wakutane Jumamosi stendi ya Newala, saa nne. Wiki nzima Bibi alipika huku anaimba. Sabina alitaka kusema ukweli siku ya Jumanne, akataka tena Alhamisi, na kila mara ulimi ukawa mzito.

Jumamosi Bibi akavaa kitenge chake cha Pasaka, akajitwika kikapu cha vitabu. Simu akamwachia Sabina, maana stendi hakukosekani vibaka. Ikiita aipokee, aseme Bibi yuko njiani.

Saa nne na robo simu iliita. Sabina akaitazama ikilia juu ya meza mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Mara ya tatu alitoka nje akaziba masikio.

Saa sita Bibi alirudi, kikapu kimejaa kama kilivyoondoka. Akakishusha, akaomba maji, akayanywa yote ndipo akaeleza. Mwalimu alishuka kwenye basi na karatasi yenye picha mkononi. Bibi akamsogelea, akasema yeye ndiye Anastasia. Mwalimu akamwamkia kwa adabu, akaitazama karatasi, akamtazama usoni, kisha akasema, samahani mama, mimi namtafuta mwenye kitabu. Wapiga debe wakacheka. Mmoja akasema kikongwe huyu ameokota mzigo wa watu.

"Nilimwonyesha jina langu kwenye jalada," Bibi alisema taratibu. "Lakini jina kila mtu anaweza kulitaja."

Hakulia. Alikaa tu, akiyapapasa mashavu yake kama anayetafuta alipokosea. Sabina hakuweza kuvumilia tena. Akapiga magoti, akasema yote: picha, shahada, simu tatu alizoziacha zikilia.

Bibi alimshika mkono akamwinua.

"Nilikuwa na umri kama wako nilipochanjwa chale hizi," alisema. "Nililia siku mbili, na hakuna aliyeniuliza kama nataka. Lakini kila aliyenipa kitendawili alinipa akiutazama uso huu. Ukiuficha, unawaficha na wao."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Ila aliyedanganywa si mimi peke yangu. Shika simu, umpigie mwalimu wewe mwenyewe."

Mwalimu Ethel alikuwa bado stendi, akingoja basi la saa nane, na aliitikia kwa sauti ya mtu aliyechoshwa. Sabina akamwambia, "Shikamoo, Mwalimu. Picha uliyoiona ni ya uongo, na mimi ndiye niliyeiweka. Yule bibi uliyemwambia samahani ndiye mwandishi." Kisha mwalimu akauliza nyumba yao iko wapi.

Alifika kwa bodaboda, na kabla ya kuketi alimwomba Bibi radhi kwa aibu aliyomtia mbele ya watu. Bibi akasema yaishe. Ila adhabu ipo.

"Kitendawili."

"Tega."

"Ana nyumba ya rangi nzuri, lakini analala nje."

Mwalimu akasema konokono. Akasema nyuki. Akashindwa.

"Nipe mji," Bibi alidai.

"Nakupa Masasi."

"Masasi nimekwenda, nimekaa kwenye vivuli vya miamba yenu, nimekula wali kwa kuku, watoto wote wameniamkia. Jibu ni korosho. Bibo, tunda lake, lina rangi tele, mwenyewe ananing'inia nje."

Mwalimu alicheka mpaka machozi. Alivichukua vitabu vyote hamsini, wakapanga na siku ya Bibi kwenda Masasi.

Jumatatu jioni Bibi na Sabina walikwenda pamoja kwa Ashraf. Ukurasa ulipofunguliwa, maua yale yalikuja polepole hata mteja mmoja akachoka kungoja zamu yake, akaaga. Mwalimu Ethel naye alikuwa amesema nusura akate tamaa akiusubiri ukurasa huo ufunguke. Wakayaondoa maua, na muziki, na shahada mbili. Jalada likakaa juu, picha ya studio chini yake, kisha yale maneno ya kwenye karatasi ya Bibi. Safari hii ukafunguka mara moja. Bibi akausogelea uso wake kwenye kioo cha kompyuta.

"Amezeeka kidogo," alisema, "lakini ndiye."

Kisha akamgeukia Sabina. "Mjukuu wangu, mtu akiufungua ukurasa huu ni kama amepiga hodi kwangu. Hakuja kutazama maua. Anataka kujua mwenye nyumba ni nani, ana nini, na atampataje. Mweleze ukweli, tena kwa ufupi. Ukimpokea kwa uso wa kuazima, siku akija mwenyewe utamwonyesha uso gani?"

Sabina aliomba nafasi aongeze mstari mmoja tu mwishoni, chini kabisa, na Ashraf akampisha kitini. Akaandika: "Ukurasa huu umetengenezwa na Sabina, mjukuu wake."