Kicheza Muziki cha Elphas

Kitasa cha chumba cha muziki, katika hoteli moja ya Diani, kilikuwa kimevunjwa. Inspekta Mwanarusi alikikagua, kisha akamgeukia Elphas, mpiga muziki wa hoteli.

"Kimeibwa nini?"

"Kicheza muziki changu, kile cha mfukoni. Kesho nilikuwa niende kukionyesha Nairobi, mbele ya wataalamu wa kompyuta."

"Na hiki je?" Mezani palikuwa na kingine, kipya, kinang'aa.

"Hicho hakinifai, afande. Kompyuta yangu inatumia Linux, ule mfumo wa bure ambao yeyote ana ruhusa ya kuufungua na kuutengeneza. Vicheza muziki vingi havielewani nao. Kilichoibwa kinaelewana."

Inspekta akakigeuza kile kipya mkononi. Mwizi wa kawaida angevibeba vyote viwili. Huyu alichagua.

"Nani mwingine aliyejua tofauti yake?"

"Rafiki yangu Waziri tu, ndiye aliyenichagulia. Lakini huyo ni kama ndugu yangu. Tumekula sahani moja miaka mingi."

Waziri alikuwa fundi wa kompyuta pale Kona ya Musa. Alipofikishwa kituoni, alimwamkia inspekta kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Mwabungo."

"Chumba cha muziki cha Elphas kimevunjwa. Kicheza muziki chake kimeibwa."

"Masikini. Afadhali kile kipya kimebaki."

"Nani aliyekwambia kimebaki?"

Waziri akafumba macho. Elphas, aliyekuwa ameketi pembeni, akainuka polepole.

"Waziri? Wewe?"

Waziri akatia mkono mfukoni, akakiweka kicheza muziki mezani.

"Nimekiiba mimi. Lakini muulize, mama, kilielewana vipi na Linux. Hakikuwa kikielewana. Niliandika mimi programu ya kuvipatanisha, miezi chungu nzima. Nikampa aitume kwenye mtandao, watu waitumie bure. Akaituma. Jina langu akalifuta, akaandika lake. Kazi ni ya bure, mama, lakini jina la aliyeiandika haliguswi. Huko Nairobi wamemwalika yeye."

"Ni kweli?" inspekta akauliza.

Elphas alitazama sakafu. "Nilidhani hatajali."

"Ungeniomba hilo jina," Waziri akasema, "huenda ningekupa."

Akanyoosha mikono. "Wizi wangu nimeukiri, mama. Wake ataukiri kituo gani?"

Inspekta akazunguka meza. Akamfunga pingu. Elphas alitoka nje bila kumtazama rafiki yake usoni.