Kitanda cha Kiberiti

Alama ya kidole ilikuwa mgongoni mwa mwanasesere, na haikuwa ya Valerie.

Yeye hakuacha alama kamwe. Kabla ya kuoka sanamu yoyote alipitisha pamba yenye spiriti juu ya udongo wa plastiki mpaka ngozi ikawa laini. Tena alama hii ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele, na chini ya kioo cha kukuzia mistari yake yote ilionekana.

Mwanasesere alikuwa mtoto mchanga, ameagizwa na mteja wa Nairobi. Udongo wa rangi ya ngozi ulikuwa umeisha, kwa hivyo Valerie alikanda ule mweupe na vumbi jekundu kutoka mtaro uliochimbwa nyuma ya ploti yao hapo Kitengela. Mafundi walikuwa wametoroka mtaro huo wakaacha hata sepetu zao. Hakuuliza kwa nini. Rangi ilitokea sawasawa.

Akamlaza katika kisanduku cha kiberiti, kitanda chake, akakiweka rafuni.

Alasiri jikoni kukaanza kunuka plastiki inayoungua, ilhali oveni ilikuwa baridi. Kisha kikaja kilio chembamba cha mtoto.

Mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani nyanya, na aliyekuwa amewatembelea kutoka Bungoma, alitoka chumbani akifunga leso.

"Mama Elsie, mko na mtoto hapa na hamkuniambia?" akamuuliza Valerie.

"Hatuna, Mama. Ni... ni hiyo doli."

Mdomo wa mwanasesere ulikuwa umefungwa, vile Valerie alivyouchonga, lakini kifua kilipanda na kushuka.

"Kwetu mtoto akilia hivi anatafuta jina," Kukhu alinong'ona. "Tutaje waliokufa. Akinyamaza tutajua ni nani, tumwambie aende."

"Si tuite pasta?"

"Pasta anajua nani wa kwetu?"

Wakataja. Wakamtaja Nasambu, wakamtaja Situma aliyekufa maji, wakamtaja Khisa na pacha wake ambaye hakuzikwa vizuri, na kila jina lilipopita kilio kilipanda, mabati yakatetemeka, harufu ikawakaba koo, mpaka Kukhu akawa anataja watu ambao hata yeye alisimuliwa tu, sauti yake ikikauka, macho yake yakikwepa rafu.

Elsie, binti ya Valerie wa miaka sita, alikuwa amesimama mlangoni na andazi mkononi.

"Si mumuite Elsie tu," alisema akicheka. "Kama mimi!"

Kilio kikakatika.

Kukhu alimziba mjukuu wake mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Jina la mtu aliye hai halitajwi," alisema polepole. "Halitajwi kabisa."

Jioni Valerie aliita, "Elsie, kuja uoge." Msichana aliyekaa mezani hakugeuka.

"Niko hapa, mama," rafu ikajibu.

Baba Elsie, Wanyama, alipotoka kazini na kusikia hayo, alichukua nyundo. Kukhu alimshika mkono. "Ukivunja hiyo, unavunja nani?" Hakusikia. Nyundo iligusa tu mguu wa mwanasesere, na pale mezani Elsie akapiga yowe, akaanguka ameshika goti lake. Wanyama aliiweka nyundo chini kama mtu anayeweka yai.

Pasta Lesiamon aliitwa. Aliomba kwa Kiswahili na kwa Kimaa cha kwao, lakini kila alipotaja jina la mtoto, "Amina" ilitoka kwenye kiberiti. Hakumaliza chai.

"Mama Elsie," alisema mlangoni bila kumtazama, "mimi sijui nitoe nini, kutoka kwa nani."

Kukhu alirudi Bungoma. Mteja aliambiwa doli imeharibika.

Mwezi wa Januari, Valerie alimvalisha Elsie viatu vya shule vya mwaka uliopita, vikamtosha vilevile. Alipomnawisha mikono, alishika vidole vyake akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa laini, havina mstari hata mmoja, kana kwamba mtu alikuwa amevipitishia pamba yenye spiriti.

Juu ya rafu, miguu midogo ilikuwa imetokeza nje ya kiberiti.

Valerie alitafuta boksi la sabuni. Akalipima, akalikata, akaanza kulishonea godoro.

"Mama," ikasema sauti nyuma yake, "naskia baridi."

Hakuuliza ni nani. Alishona haraka zaidi.