Nipo Huku

Rafiki yangu fundi makochi, pande la mtu, anainua kabati kwa kidole kimoja, alimpeleka mkewe kutembezwa na basi la hifadhini. Ukungu ukashuka, kiza mchana kweupe. Basi liliposimama, mkewe alishuka kujisaidia, akarudi, akamshika mkono.

Kabla ya kuondoka, mwongozaji huuliza, “Mpo wote?” Kila abiria huitikia, “Nipo!”

Mkewe hakuitikia.

“Vipi mama, simba kala ulimi?” mwongozaji akatania. Basi zima likacheka.

Katikati ya kicheko, fundi peke yake akasikia sauti ya mkewe ikitokea vichakani, mbali. “Nipo huku! Baba watoto, nisubirini!”

Fundi alitaka kumsimamisha dereva, lakini mwili mzima ulikufa ganzi. Basi likaondoka, matawi yakikwaruza vioo. Kiganjani mwake, ule mkono ukamkaza taratibu.