Picha Isiyo na Kichwa

Mama Fundi hushona nguo sebuleni kwake. Juu ya cherehani yake, ukutani, kuna picha ya zamani. Mama yake ameketi, amempakata yeye akiwa mchanga. Nyuma yao amesimama mwanamume asiye na kichwa. Kichwa kilikatwa kwa mkasi.

"Huyo ni baba yangu," alizoea kuwaambia wateja. "Alitukimbia. Marehemu mama akamkata, na alifanya vizuri."

Mwaka huu kifua kilianza kumbana. Daktari akamuuliza wazazi wake waliugua nini.

"Mama alikufa kwa uzee. Baba hakuugua, alikimbia."

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba maradhi mengine hufuata ukoo, basi akaulize. Akamuulize nani? Mama Fundi alirudi nyumbani amenuna. Watu wa nyumba ile ni hodari wa kununa.

Binti yake alimwita jirani, Bi Miwani, aliyekuwa karani wa hospitali kabla ya kustaafu. Bi Miwani alisema mtu aliyepotea, hata kama ni marehemu, hutafutwa kwa kuanzia kwa walio hai. Uliza wazee kwanza. Andika jina lake kamili, na la baba yake. Tazama picha. Kisha nenda alikofanya kazi, hospitali, na ofisi ya makaburi. Lakini wazee wote walikuwa wamekwisha kufa. Tunangoja mpaka wazikwe ndipo tukumbuke maswali. Ikabaki picha.

"Mkasi umechukua kichwa, ila mfuko wa shati umebaki," alisema Bi Miwani. "Hii ni alama ya kiwanda cha sabuni."

Kiwandani jina lake lilikutwa katika daftari la zamani, wakaambiwa kwamba mtu huyo alianguka kazini, akapelekwa hospitali. Huko hospitali, binti alizungushwa sana, nenda rudi. Mwishowe akapewa nakala ya jalada la zamani. Akaja kumsomea mama yake.

"Ugonjwa: moyo. Jamaa wa karibu: binti yake, mchanga. Mke amepewa habari mara mbili. Hakuja. Mgonjwa amefariki."

"Soma tena," alisema Mama Fundi.

Binti akasoma tena. Hakuna kilichobadilika.

"Kumbe mama alijua. Alijua, akaniacha nimchukie maiti."

Mume na mke wale waligombana kwa nini, hakuna ajuaye sasa. Hasira hasara, watu husema. Hasara hii aliibeba mtoto, na mimi naona ni dhuluma.

Daktari alipopata jibu alimpima moyo, akampa dawa inayofaa. Kifua kikaacha kumbana. Ofisi ya makaburi ikawaonyesha kaburi, wakalipalilia.

Walipofika nyumbani alishusha picha, akachukua mkasi. Alikuwa akimtazama usoni mama yake wa pichani.

"Mama, usikate," binti alisema.

"Nani anakata?"

Kwa ncha ya mkasi alibandua karatasi ya nyuma ya fremu. Akaomba kalamu. Nyuma ya picha akaandika jina kamili la baba yake, ugonjwa wake na mahali alipozikwa. Chini akaandika jina la mama yake. Kisha akaongeza: "Alipewa habari. Hakuja." Akaitundika picha palepale.

Siku hizi wateja wakiuliza, huwajibu bila kuacha kushona.

"Huyo ni baba yangu. Sura yake siijui. Alikufa akinitaja mimi."