Mwenye Kadi

Kiti cha Ilunga kilikuwa kimeloa tena, na mvua haikuwa imenyesha Nchelenge tangu Pasaka. Mwewa, karani wa kampuni ya samaki, akakifuta kwa tambara. Tambara likanuka tope la ziwa.

Kompyuta ikawaka yenyewe. *Mwenye mashine yupo*, ikaandika kwa Kiingereza.

"Umeona?" Jeanine alinong'ona. Alikuwa amevuka na mtoto wao kutoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kumtafuta Ilunga, mumewe, mkuu wa ofisi hiyo. Boti ya Ilunga ilipinduka, mwili haukupatikana. "Ulisema chipu ya kompyuta hii haidanganyi."

"Nilisema, yaya, dada yangu mukubwa. Imefungiwa ndani tangu kiwandani, hakuna mutu wa kuichezea. Inafungua paka kwa kadi ya Ilunga, ingine hapana."

"Na kadi ilikuwa mufukoni mwake. Basi iko muzima!"

"Lakini kitu chenye hatuwezi kukifungua tuone ndani, tutakiamini namna gani?"

"Wiki iliyopita ulikisifu kama padri! Leo kinasema bwana yangu iko muzima, njo sasa hutaki kukiamini?"

Jeanine akainama mbele ya skrini. "Ilunga, kama ni weye, mutoto wetu anaitwa nani?"

Nje jua la mchana liliwaka na wanawake walikuwa wakigeuza samaki kwenye chanja, lakini humo ndani baridi ilipanda kutoka sakafuni, ikapanda na harufu ya magugu yaliyooza, ikapanda na pumzi ya mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho hakikuwa na mtu, mpaka maneno yakatokea, kwa Kiswahili, lugha ambayo mashine ile haikuwa nayo: *Nimesahau. Nitajie.*

Mwewa akamziba Jeanine mdomo. "Usiseme! Chipu inajua kadi, yaya. Haijui mukono unaoishika. Huyu ameitoa kwa maiti."

Jeanine akaelewa kwamba mumewe amekufa. Akamsukuma, akavua kitambaa cha kichwa, akaanguka sakafuni, akalia kama wajane wote wa kwao wanavyolia, kwa jina la heshima la mume, linalobeba jina la mtoto:

"Papa Didier! Papa Didier, umetuacha na nani?"

Vibonye vikabonyea bila kidole. *DIDIER*.

Skrini ikazimika. Chini ya kiti nyayo za maji zikaanza, zikapita kati yao polepole, zikavuka kizingiti, zikashika njia ya Kashikishi, kwa shangazi yake Jeanine, alikoachwa mtoto.