Supu ya Samaki ya Kasiani

Jua lilikuwa linazama Thesaloniki, na Evanthia bado alikuwa anahangaika mitaa ya juu, kisufuria mkononi. Mama yake, Polixeni, hakuwa ametia kitu kinywani kwa siku kadhaa. Daktari alishakata tamaa. Mchana huo ndipo bibi kizee aliponong'ona: "Supu ya samaki ya Kasiani. Ile ya zamani. Nikiipata hiyo, nitakula."

Alimuuliza muuza zeituni.

"Chakula cha asili?" Jamaa akacheka. "Dada, siku hizi wanapikia watalii! Kasiani... shuka ngazi za nyuma ya kanisa. Ila huko usinitaje."

"Kwa nini?"

Jamaa akaanza kufunga duka.

Chini ya ngazi kulinukia ndimu, samaki... na ubani. Ndani, watu waliovaa nyeusi walikaa meza moja ndefu, wakinywa konyaki. Hakuna aliyegonganisha glasi. Siku nyingine Evanthia angeshtuka pale pale, maana chakula cha matanga anakijua tangu utotoni. Lakini mawazo yote yalikuwa kwa mama.

"Karibu, mwanangu," alisema Kasiani, akipokea kisufuria. "Inachemka. Kaa, uonje kidogo."

Kukataa cha mwenyeji ni kumtukana. Akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwa wazi. Wakamsogezea kisahani cha ngano ya kuchemsha, yenye sukari na komamanga. Akaonja, na mdomo ukasema wenyewe, kama ulivyozoea kusema kwenye kila matanga:

"Mungu amrehemu."

Vijiko vikatulia.



"Amina," wakaitikia wote kwa pamoja.

Kasiani akashusha pumzi. "Haya. Sasa tunaweza kula."

Mezani palikuwa na mshumaa, na picha ya marehemu iliyompa Evanthia mgongo. Hakutaka kuiona. Akanyoosha mkono, akaigeuza.

Alikuwa yeye.

Na sweta lile lile alilovaa jioni hiyo.

Alinyakua kisufuria, ambacho Kasiani alikuwa ameshakijaza supu, akakimbia hadi nyumbani. Alimkuta mama yake ameketi jikoni, kijiko tayari mkononi! Polixeni alikula mpaka rangi ikamrudia mashavuni. Evanthia alilia kwa furaha, kweli alifurahi. Kisha akachota mabaki ya supu, akaonja.

Hakusikia chumvi wala ndimu. Hakusikia ladha yoyote.

Akachota tena. Hola.

"Mama," alisema, "wewe kwa Kasiani ulipajuaje?"

Bibi kizee alikuwa anafuta sahani kwa kipande cha mkate, taratibu, bila kuinua macho.

"Palikuwa na kiti kitupu," akanong'ona. "Kilikuwa changu. Hukukikalia... sivyo, mwanangu?"